Ulimi wa Trela

Nyumba tumeshainunua. Ipo Barka, uani kwa shemeji,
imevaa turubai, matairi manne yakila jua.
Ina kitanda, choo, jiko la gesi la mafiga mawili
na dirisha dogo kichwani pa mama.
Kilichobaki ni cha kuivuta.

Mama ndege hapandi.
Ya kwanza ilimtoa Pemba, hataki ya pili imtoe tena.
Ila anataka Salalah, mwezi wa saba,
manyunyu yakishuka juu ya migomba.
Wete, anasema, ilinukia hivyo.
Kilomita elfu moja, na magoti yake hayakunjiki.

Kule Azaiba, Mahfudh, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi ikakaza,
alinifungulia pikapu nyeupe kama jino la kuazima,
skrini yake pana kuliko televisheni niliyoolea.
"Inavuta tani tatu na nusu, ami,"
akalipiga bodi kofi, kama auzaye ng'ombe.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mie miaka ishirini na sita nimepima mabomba Fahud.
Tarakimu haziniimbii, nazisoma.
Nikainama kwenye nguzo ya mlango, miwani puani,
penye kibandiko cha manjano asichokionesha mtu:
watu na mizigo, kilo mia sita na arubaini, basi.
Nikatoa penseli.
Ulimi wa trela, ukiukalisha juu ya mpira wa nyuma,
unaegemea kilo mia tatu na themanini.
Zimebaki mia mbili na sitini.
Zuwena na mie tumeshazila nyingi
(Zuwena asisome hapa),
Hilali na mkewe mjamzito wamemaliza zilizobaki.
"Na mama," nikamuuliza, "akae wapi?"
Ulimi wa Mahfudh, usio mfupa tangu asubuhi,
ukaota mfupa.

Wiki tatu sikulala vizuri.
Dizeli au petroli. Hilali ananitumia picha usiku wa manane.
Zuwena yeye anauliza rangi.

Mwisho Shambe, fundi wa Kibaluchi, Wadi Kabir,
akanitoa nyuma ya gereji hadi kwenye kitu cha rangi ya vumbi,
silinda nane, umri wa miaka kumi, mlango mmoja umebonyea,
springi za majani nene kama mbavu za ngamia,
rejeta pana, ya joto la Haima saa nane mchana.
Sikumsikia akitaja kuvuta.
"Kuvuta hata punda huvuta. Niulize itakavyosimama.
Ukishapita Thumrait barabara inaanguka,
ukungu unakuficha hata boneti yako,
na trela nyuma inadhani yeye ndiye dereva."
Mama, ndani ya gari, kioo chini,
akajibu kana kwamba ameulizwa yeye:
"Kupanda mchongoma, baba..."
na Shambe, ambaye nyanya yake alizaliwa Malindi ya Unguja,
akamalizia bila kuinua kichwa kutoka kwenye breki.

Nikalinunua lenye mlango uliobonyea.

Jana tulipeleka vyote kwenye mizani ya malori,
pale kwenye kiwanda cha kokoto, riali mbili kwa kupima.
Trela peke yake, kilo elfu tatu mia moja na themanini.
Nikamwangalia Zuwena.
Nikakuta kinu cha jiwe, mbuzi ya nazi,
masufuria ya arusi ya watu mia.
"Salalah kuna nazi," akasema, "utazikuna kwa meno?"
Kinu kikashuka. Mbuzi ikabaki.

Ikashuka hadi mia moja na arubaini.
Kisha mama akapandishwa, mkono huku mkono kule,
akakaa kitandani chini ya dirisha lake.
Mizani ile huhesabu kwa ishirini ishirini,
imezoea mawe.
Ikafikiri kidogo. Mia moja na themanini.

"Nimetoa ngapi?" akauliza dirishani.
Arubaini, mama.
"Ndo zote hizo?"
Akaiomba risiti, akaikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la leso
pamoja na hela yake ya madafu.